Josiah Wedgwood: Mfinyanzi wa Mguu Mmoja na Hesabu Zake

Nikitaja neno mlinganyo najua utakunja uso. Wengi wetu tukiona herufi x na y zimeandikwa ubaoni, kichwa huanza kuuma papo hapo, na ukimwuliza mtu zinafaa nini atakwambia zinafaa kumfelisha mtu mtihani. Mimi nilikuwa wa kundi hilo hilo, wala sioni haya kusema. Nilibadilika nilipokutana na habari za fundi mmoja wa vyungu wa Uingereza, mtu aliyeachia shule njiani, ambaye mwaka wa 1772 biashara yake iliponea chupuchupu, na kilichomsaidia kikawa ni kalamu na karatasi. Fundi huyo aliitwa Josiah Wedgwood. Haya, sogea karibu nikusimulie.

Wedgwood alizaliwa mwaka wa 1730 huko Burslem, katika jimbo la Staffordshire. Sehemu hiyo ilijaliwa udongo wa mfinyanzi na makaa ya mawe, kwa hivyo ufinyanzi ulikuwa ndio kazi ya wenyeji. Babake alikuwa mfinyanzi, na ukoo mzima wa Wedgwood ulikula na kuvaa kwa udongo. Josiah alikuwa kitinda mimba katika nyumba iliyojaa watoto. Babake aliaga dunia mwaka wa 1739, na kijana akiwa na umri wa miaka tisa hivi akaaga madarasa. Baadaye, mwaka wa 1744, alitiwa sahihi kuwa mwanagenzi wa kakake mkubwa, Thomas, aliyekuwa amerithi karakana ya baba.

Kabla ya hapo balaa lilikuwa limeshaingia. Ugonjwa wa ndui ulipita Burslem ukamkumba. Alipona, lakini goti la mguu wa kulia halikupona. Sasa we fikiria, gurudumu la mfinyanzi siku hizo lilisukumwa kwa mguu. Mfinyanzi asiye na mguu ni kama dereva asiye na mikono. Kijana ikambidi aache gurudumu mara kwa mara akae pembeni, akichanganya udongo, akipima unga wa mawe, akijaribu rangi za kung'arisha vyombo. Wenzake walikuwa wakifinyanga. Yeye alikuwa akipima na kuandika. Mazoea hayo ya kuandika kila kitu hakuyaacha tena maisha yake yote. Majaribio yake aliyaweka katika vitabu, kila jaribio na namba yake, na kwa ajili ya aina moja tu ya udongo, ule wa buluu na mweupe unaoitwa jaspa, alifanya majaribio maelfu kabla ya kuridhika.

Kakake alikataa kumfanya mshirika. Nadhani alimwona ni mtu wa ndoto nyingi. Mwaka wa 1754 akaungana na Thomas Whieldon, mfinyanzi hodari wa wakati huo, na mwaka wa 1759 akaanza kazi yake mwenyewe Burslem katika karakana ya kukodi. Hapo mambo yakaanza kunyooka. Alitengeneza vyombo vya rangi ya malai, vyepesi, laini, na vya bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikia. Mwaka wa 1765 Malkia Charlotte aliagiza seti ya vyombo vya chai, na Wedgwood, ambaye hakuwa mjinga wa biashara, akaomba ruhusa ya kuviita vyombo hivyo vya Malkia. Basi kila tajiri akavitaka, na kila anayetaka kufanana na tajiri akavitaka pia.

Mwaka wa 1762, akiwa safarini kwenda Liverpool, aliliumiza tena goti lile. Daktari aliyemtibu, Matthew Turner, akamjulisha kwa rafiki yake mmoja mfanyabiashara, Thomas Bentley. Hawa wawili wakawa chanda na pete. Bentley alikuwa msomi na mtu wa mjini, anayejua wakubwa wanapenda nini. Wedgwood alijua udongo na moto. Waliandikiana barua chungu nzima, na ni kwa sababu ya barua hizo sisi leo tunajua mengi juu ya mambo yaliyokuwa yakimkosesha usingizi.

Mguu ule haukumpa amani. Tarehe 28 Mei 1768 ulikatwa juu ya goti. Dawa ya nusukaputi haikuwa imegunduliwa, na ingechukua karibu miaka themanini zaidi kabla ya madaktari kuanza kuitumia. Alikaa kwenye kiti wakamkata. Baada ya hapo alitembelea mguu wa mti, na inasimuliwa kwamba akipita karakanani akaona chombo chenye kasoro alikuwa akikivunja kwa mguu huo huo. Kama ni kweli au ni chumvi za wasimulizi, sisi tuendelee.

Tarehe 13 Juni 1769 alifungua kiwanda kikubwa alichokiita Etruria. Siku hiyo alikaa kwenye gurudumu mwenyewe, na kwa kuwa hakuweza kusukuma, Bentley ndiye aliyelizungusha. Walifinyanga vyombo sita vya ukumbusho. Picha hiyo huwa inanipendeza sana: mwenye kiwanda kiwete amejaa tope mikononi, na mshirika wake msomi anazungusha gurudumu kama kibarua.

Miaka miwili mitatu iliyofuata ilikuwa ya neema. Wakubwa wa London waliingiwa na wazimu wa vyombo vya urembo, vile vya kuwekwa juu ya meza au karibu na mahali pa moto vikapendeze tu. Wedgwood na Bentley walivitengeneza kwa maumbo mengi mno. Kila umbo lilidai kalibu yake, fundi wake wa kuchonga, siku zake za kujaribu. Kazi ilikuwepo, wateja walikuwepo, lakini fedha mkononi hazikuonekana. Vyombo vilikuwa vikijazana katika maghala. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza jambo ambalo hata mama mwuza samaki wa sokoni hujiuliza kila jioni: mbona nauza sana na mfuko hauna kitu?

Kisha likaja la kuja. Mwezi wa Juni 1772 mwenye benki mmoja wa London, Alexander Fordyce, aliyekuwa akicheza kamari na bei za hisa, alitorokea Ufaransa na benki yao ikaanguka. Ikaangusha nyingine, na nyingine, hata Scotland na Amsterdam. Watu wakaficha pesa. Ukitaka kujua nini hukatwa kwanza wakati wa dhiki, ni vitu kama chombo cha urembo cha kuwekwa mezani. Wateja wakayeyuka kama umande.

Wengine wangelia. Wengine wangefukuza wafanyakazi kwanza na kufikiri baadaye. Wedgwood alijifungia na vitabu vyake vya hesabu. Alichukua kila aina ya chombo na kuifuata tangu udongo mbichi mpaka kwenye meza ya duka la London, akiandika kila senti iliyoguswa njiani: udongo, malipo ya mfinyanzi, rangi, makaa ya mawe, kalibu, vyombo vinavyovunjika, kodi ya ghala, mishahara ya makarani. Katika kupekua huko aligundua pia kwamba huko London hesabu zilikuwa zimevurugwa na kwamba karani aliyeaminiwa alikuwa akizitia mkono. Hilo halikuwa dogo, lakini si ndilo lililomfanya akumbukwe na wahasibu.

Lililomfanya akumbukwe ni hili. Mwezi wa Agosti 1772 alimweleza Bentley katika barua kwamba gharama zake hazikuwa za kabila moja. Ziko zinazokwenda pamoja na kazi. Ukitengeneza chombo kimoja zaidi unahitaji udongo zaidi, rangi zaidi, na malipo zaidi kwa fundi anayelipwa kwa idadi. Lakini ziko nyingine, na kwake yeye zilikuwa nyingi ajabu, ambazo hazijali umetengeneza vingapi. Kodi ya nyumba ni ile ile. Karani wa vitabu analipwa ule ule. Kalibu ikishachongwa imeshachongwa, uitumie mara kumi au mara elfu. Hata moto aliutia katika kundi hilo, maana tanuri likiwashwa linakula makaa, liwe limejaa au nusu. Gharama hizo, aliona, zinatembea kama saa ya ukutani, bila kukuuliza kama umeuza.

Sasa nipe nafasi nikuonyeshe kwa njia ya darasani. Wedgwood mwenyewe hakuandika x na y. Alikuwa na safu za namba tu. Lakini alilolifanya ndilo lile lile tunalofundishwa kidato cha kwanza na cha pili. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezitunga mimi ili hesabu itoke vizuri. Tuhesabu kwa shilingi, maana Waingereza wa siku hizo nao walikuwa na shilingi, ishirini zikifanya pauni moja. Shilingi yetu imerithi jina kwao.

Tuseme kiwanda kilitengeneza vyombo 500 mwaka mmoja na gharama yote ikawa shilingi 8,000. Mwaka mwingine kikatengeneza vyombo 1,000 na gharama ikawa 10,000. Mtu asiyefikiri atasema chombo kimoja mwaka wa kwanza kiligharimu shilingi 16 na mwaka wa pili 10, basi mafundi walikuwa wavivu mwaka wa kwanza. La hasha. Angalia tofauti. Vyombo viliongezeka kwa 500 na gharama ikaongezeka kwa 2,000. Gawanya, unapata shilingi 4. Yaani kila chombo cha ziada kinakula shilingi 4 tu. Rudi sasa kwenye mwaka wa kwanza: vyombo 500 mara 4 ni 2,000, na gharama yote ilikuwa 8,000. Zile 6,000 zilizobaki ni za nani? Ni za kodi, makarani, kalibu na tanuri. Hata usingetengeneza chombo kimoja zingekungoja mlangoni.

Basi mlinganyo wetu ni huu: y = 4x + 6,000, ambapo x ni idadi ya vyombo na y ni gharama yote. Ukiuchora kwenye karatasi ya grafu unapata mstari mnyoofu unaoanzia juu, kwenye 6,000, halafu unapanda polepole, shilingi 4 kwa kila hatua. Ile 4 ndiyo gharama inayobadilika na ile 6,000 ndiyo isiyobadilika. Ni y = mx + c ya mwalimu, hakuna uchawi.

Ukitaka kuona uchungu wa Wedgwood, soma mlinganyo huo kinyumenyume. Mgogoro umekuja, wateja wamekimbia, wewe umepunguza kazi kutoka vyombo 1,000 hadi 500. Umekata kazi nusu nzima. Gharama imepungua kwa kiasi gani? Kutoka 10,000 hadi 8,000, sehemu moja tu kati ya tano. Mtu anayedhani akipunguza kazi nusu ameokoa nusu anajidanganya mchana kweupe. Kumbe basi kupunguza kazi ndiko kulikokuwa kukimaliza.

Mpe upande wa pili. Akiuza kila chombo kwa shilingi 12, mapato ni 12x. Atalingana na gharama wakati 12x = 4x + 6,000, yaani 8x = 6,000, vyombo 750. Chini ya hapo ni hasara, juu ya hapo ni faida. Akiuza vyombo 1,000 anabaki na shilingi 2,000. Je, akishusha bei hadi shilingi 8? Itambidi auze 1,500 kabla ya kuona faida hata ya ndururu. Mwoga ataachia hapo. Lakini kama bei hiyo itawaleta watu wa kawaida na akauza 3,000, atapata 24,000 na kutumia 18,000. Faida ni 6,000, mara tatu ya ile ya mwanzo, na bei iko chini! Wasipokuja, akabaki na wateja wake 1,000, amepoteza 2,000. Mlinganyo hautakwambia kama watakuja. Hapo ndipo hesabu inapokwisha na moyo wa biashara unapoanza.

Wedgwood aliamua watakuja. Alimwandikia Bentley kwamba wakubwa wameshakaa na vyombo hivyo vya kutosha, vimeonekana, vimesifiwa; sasa watu wa tabaka la kati, ambao ni wengi kupita wakubwa, wangevinunua kwa wingi kama bei ingeshuka. Akaona pia umuhimu mkubwa wa kutengeneza vyombo vingi kadiri iwezekanavyo kwa muda ule ule, ili zile gharama zinazotembea kama saa zigawanywe kwa wengi. Umbo moja livunwe mpaka mwisho badala ya kuchonga umbo jipya kila Jumatatu. Biashara haikufa.

Nikiri kwamba jambo hili lilinifanya niwaze juu ya wafinyanzi wa kwetu. Mama anayechoma vyungu uwanjani kwa kuni na nyasi hana kodi ya kiwanda, hana karani, hana kalibu. Ile c yake ni karibu sifuri, na mstari wake unaanzia chini kabisa kwenye pembe ya grafu. Soko likilala naye hulala, hakuna saa inayomdai usiku. Ukubwa wa Etruria ndio uliokuwa nguvu ya Wedgwood na ndio uliokuwa kitanzi chake. Hata jarida hili unalolishika, kulipanga na kulitayarishia kurasa ni gharama ile ile tukichapa nakala hamsini au mia tano. Kwa hivyo usiwe mtu wa kusoma la jirani, nunua lako.

Mfereji nao ulikuwa hesabu ya aina hiyo. Wedgwood alikuwa mstari wa mbele kuutetea Mfereji wa Trent na Mersey, na mwaka wa 1766 ndiye aliyechimba jembe la kwanza. Kabla ya hapo vyombo vilibebwa na farasi katika njia za mashimo, na vingi vilifika vigae. Kuchimba mfereji ni gharama kubwa unayoilipa hata kabla ya mashua ya kwanza kupita, lakini ukishaisha kila tani inasafiri kwa bei ndogo. Ulikamilika mwaka wa 1777, ukipita kando ya Etruria.

Usidhani aliitii hesabu kila siku. Mwaka wa 1773 Malkia Catherine wa Urusi aliagiza vyombo vya karamu ya watu hamsini, na kila kimoja kichorwe mandhari yake ya Uingereza, na nembo ya chura kijani, kwa sababu kasri lake lilikuwa mahali palipoitwa kinamasi cha vyura. Vilitoka vyombo 952 na picha 1,222. Hapa hila ya wingi haikufaa kitu, maana kila mchoro ulitumika mara moja tu. Malkia alilipa pauni 2,700 na kitu, na faida ilikuwa ndogo. Lakini kabla ya vyombo kusafirishwa, mwaka wa 1774, vilionyeshwa London na mabwana na mabibi walipanga foleni kuvitazama. Matangazo ya namna hiyo huwezi kuyaandika katika safu ya gharama ya sahani moja.

Bentley alifariki mwaka wa 1780, pigo ambalo Wedgwood alilihisi kupita ule wa mguu. Aliendelea peke yake. Mwaka wa 1782 alitoa kipimo chake cha kupimia joto la tanuri, na mwaka uliofuata wanasayansi wa London wakampokea katika Jumuiya ya Kifalme, yeye aliyeacha shule akiwa na miaka tisa.

Mwaka wa 1787 alitengeneza kibandiko kidogo cha udongo chenye sura ya Mwafrika aliyepiga magoti akiwa na minyororo, kwa ajili ya chama cha kupinga biashara ya utumwa. Hakuviuza kwa faida. Alivigawa, na vingine alimpelekea Benjamin Franklin huko Philadelphia. Watu walivivaa vifuani na kwenye vikuku. Mimi husita hapa kidogo. Mabakuli ya sukari yaliyomtajirisha yalijazwa sukari ya mashamba yaliyolimwa na watumwa, na safu hiyo haimo katika hesabu zake za 1772. Lakini pia ni kweli kwamba wenzake wengi wenye viwanda walikuwa kimya.

Josiah Wedgwood alifariki tarehe 3 Januari 1795, akiacha mali nyingi na watoto waliokuwa na elimu aliyoikosa yeye. Bintiye Susannah aliolewa na Robert Darwin, na mtoto wao Charles ndiye yule wa nadharia ya mageuko tunayoisoma katika biolojia. Kiwanda cha Etruria kiliendelea kufanya kazi hata karne ya ishirini, ndipo familia ikahamishia tanuri zake Barlaston. Huko Barlaston ndiko vilikohifadhiwa vitabu vyake vya majaribio, pamoja na barua nyingi alizomwandikia Bentley.